Mgeni njoo, mwenyeji apone: umebeba nini safarini?



Wazee wetu waliotuachia methali ya "mgeni njoo, mwenyeji apone" hawakumaanisha kwamba kila abishaye hodi ni mganga. Walikuwa wameona jambo ambalo hata sisi tunaliona. Mgeni akifika, kuku anakamatwa, majirani wanasogea, na babu aliyekuwa amejikunyata kwenye kiti chake tangu asubuhi anaanza kuuliza habari za huko mlikotoka. Nyumba iliyokuwa kimya inapata uhai.

Lakini ndani ya methali hiyo kuna swali ambalo mara nyingi tunaliruka. Ni nini hasa kinachomponya mwenyeji? Je, ni kufika tu kwa mgeni, au ni kitu ambacho mgeni amekibeba?

Wengi wetu ni watu wa safari. Tunasafiri likizo, tunasafiri kwenda harusini na misibani, tunasafiri na kwaya kwenda mikutano ya Injili. Kabla ya kuondoka tunahakikisha nguo zimepigwa pasi, zawadi zimefungwa na chaja ya simu haikusahauliwa. Leo nakualika tuutafakari mzigo ambao hauonekani ndani ya begi, nao ni karama ambayo Mungu ameiweka ndani yako. Tutaongozwa na habari ya kweli ya kijana mmoja mpiga piano, ambaye kila alipopita katika mji fulani aliombwa na rafiki yake mzee ampigie, naye akapiga.

Mtoto wa Berlin na mzee wa Weimar

Felix Mendelssohn alizaliwa mjini Hamburg, Ujerumani, mwaka 1809, akakulia Berlin. Familia yake ilikuwa ya Kiyahudi, lakini yeye alibatizwa akiwa na umri wa miaka saba na akabaki Mkristo maisha yake yote. Ndiye mtunzi ambaye juu ya karatasi za muziki wake alikuwa na kawaida ya kuandika herufi chache tu, kifupisho cha sala ya kumwomba Mungu aifanikishe kazi aliyokuwa akiianza.

Mwezi Novemba 1821, Felix akiwa na miaka 12, mwalimu wake wa muziki, Carl Friedrich Zelter, alimchukua safari hadi mji mdogo wa Weimar. Huko aliishi rafiki wa Zelter, Johann Wolfgang von Goethe, mwandishi aliyeheshimiwa kuliko wote katika nchi za Kijerumani za wakati ule. Goethe alikuwa na miaka 72. Kwa hesabu ya kwetu, huyu ni babu na yule ni mjukuu.

Mtoto alikaa huko kama wiki mbili. Katika barua aliyowaandikia watu wa nyumbani alieleza kwamba anapiga piano Weimar kuliko anavyopiga Berlin. Ni mara chache alipiga chini ya saa nne kwa siku, na siku nyingine zilifika saa sita, hata nane. Kila alasiri mzee alifungua piano mwenyewe, akamwambia kwamba leo bado hajamsikia, basi ampigie kelele kidogo. Kisha akaketi karibu naye kumsikiliza.

Zingatia ombi lenyewe, msomaji wangu: kelele kidogo. Mzee hakuomba tamasha. Aliomba kama vile bibi kijijini anavyomwomba mjukuu aliyetoka mjini amwimbie ule wimbo wa kwaya yao. Wala nyimbo hazikuwa zimepangwa mapema. Siku moja Goethe alimletea mtoto karatasi alizokuwa amezihifadhi, zenye mwandiko wa Mozart mwenyewe, na nyingine za Beethoven zilizojaa mikwaruzo na madoa ya wino kiasi cha kumchosha msomaji. Mtoto alizitazama, akaweka mikono, akapiga.

Inasimuliwa kwamba katika miaka hiyo ya utoto wa Felix, Goethe alimwambia kwamba yeye mzee ni Sauli na Felix ni Daudi wake. Akamwomba kwamba kila huzuni itakapomjia, aje amchangamshe kwa muziki wake.

Mzee yule aliyajua Maandiko. Tukifungua 1 Samweli 16 tunamkuta Mfalme Sauli akiwa na kila kitu cha ikulu isipokuwa amani. Watumishi wake wanamshauri atafutwe mtu hodari wa kupiga kinubi. Kijana mmoja anasema amewahi kumwona mwana wa Yese huko Bethlehemu. Ndipo Daudi anasafiri kutoka machungani akiwa na punda, mkate, kiriba cha divai na mwanambuzi. Hivyo ndivyo vitu vilivyoonekana. Kilichomponya Sauli hakikuwa mkate wala divai. Kilikuwa ndani ya mikono ya kijana, kimejengwa pole pole katika saa nyingi za upweke nyuma ya kondoo.

Safari ya mwisho

Miaka ilipita. Mwezi Mei 1830 Felix, sasa kijana wa miaka 21, alikuwa njiani kwenda Italia, akapita tena Weimar. Alikusudia kukaa muda mfupi aendelee na safari yake. Goethe, mwenye miaka 80, akamng'ang'ania, na kukaa kwenyewe kukawa karibu wiki mbili.

Kila siku kabla ya adhuhuri Felix alimpigia mzee kwa muda wa saa moja hivi. Alianza na watunzi wa kale, akashuka nao kwa kufuata zama zao hadi wa siku zake, akimweleza ni nini kila mmoja aliongeza katika muziki. Goethe aliketi kwenye kona yenye giza, macho yake ya uzee yakimetameta.

Kulikuwa na jambo moja ambalo mzee hakulitaka, nalo ni Beethoven. Felix, kwa upole wa kijana anayejua kuzungumza na mzee, akamwambia kwamba hapo hana jinsi, akampigia kwenye piano sehemu ya kwanza ya Simfoni ya Tano. Mwanzoni mzee alisema kwamba muziki huo haugusi moyo, unashangaza tu. Akaendelea kunong'ona peke yake. Baadaye sana akakiri kwamba ni mkubwa mno, wa kichaa kabisa, hata mtu anaogopa nyumba isije ikaanguka. Na ingekuwaje watu wote wangeupiga kwa pamoja? Wakiwa mezani, katikati ya mazungumzo mengine kabisa, mzee alirudi tena kwenye habari ya muziki ule.

Siku za kuagana zilipofika, Goethe alimpa kijana ukurasa mmoja wa mwandiko wake mwenyewe wa tamthilia ya Faust, akaandika juu yake maneno ya kumkumbusha rafiki yake mdogo siku njema za Mei. Felix akapanda gari la farasi akaenda zake.

Hawakuonana tena. Mwezi Oktoba mwaka huo huo, mtoto pekee wa Goethe aliyekuwa amefikia utu uzima alifia mjini Roma. Tarehe 22 Machi 1832 Goethe mwenyewe akafariki dunia, Felix akiwa mbali huko Paris. Asubuhi zile za Mei, ambazo kijana angeweza kabisa kuzikwepa kwa kusema ana haraka ya kufika Italia, ndizo zilikuwa za mwisho.

Hapa ndipo penye uzito wa tafakari yetu ya leo. Mara nyingi anayetuomba "kelele kidogo" hana muda mrefu kama tunavyodhani. Tunajiambia tutamwimbia Krismasi, tutampigia kinanda siku tutakapokuja na vyombo kamili, tutamsomea Zaburi tukirudi na nafasi. Kumbe nafasi ilikuwa ile ile tuliyoipita tukitafuta chaja.

Ghafla yenye maandalizi

Jambo la kwanza la kujifunza ni kwamba kupiga bila kutayarishwa hakumaanishi kupiga bila kujiandaa. Saa ya kuombwa ni ya ghafla, lakini kinachotolewa katika saa hiyo hakiwezi kuwa cha ghafla.

Kumbuka kwamba mwaka mmoja kabla ya ziara ile ya mwisho, tarehe 11 Machi 1829, Felix aliongoza mjini Berlin utunzi mkubwa wa Johann Sebastian Bach kuhusu mateso ya Kristo kama yalivyoandikwa na Mathayo, utunzi ambao ulikuwa umesahauliwa na watu wengi kwa miongo kadhaa. Nakala yake alikuwa amepewa na bibi yake miaka kadhaa nyuma, akiwa bado kijana mdogo, naye akaichimba mpaka akaijua. Kwa hiyo alipoketi mbele ya Goethe na kuanza na watunzi wa kale, hakuwa akibahatisha. Alikuwa akifungua ghala.

Bach mwenyewe alikuwa amepitia jambo la namna hiyo. Mwezi Mei 1747, akiwa na miaka 62, alisafiri kutoka Leipzig kwenda Potsdam, mahali ambapo mwanawe alikuwa mwanamuziki wa Mfalme Frederick wa Pili wa Prusia. Mwandishi wa kwanza wa maisha yake, Forkel, anasimulia kwamba mfalme hakumpa hata nafasi ya kubadili nguo za safari. Alimtaka ajaribu piano zake mpya hapo hapo, kisha akampa sauti ya wimbo aijengee muziki papo kwa papo. Bach akajenga muziki wa sauti tatu zinazofuatana na kujibizana, bila karatasi mbele yake. Huyu ndiye mtu aliyezoea kuandika mwishoni mwa tungo zake herufi za Kilatini zinazomaanisha kwamba utukufu ni wa Mungu peke yake. Mzee mwenye vumbi la barabara nguoni hakuhitaji kuomba mapumziko ili akajiandae, kwa sababu maandalizi yalikuwa yamechukua maisha yake yote.

Bwana Yesu alilisema jambo hili kwa mfano wa mwenye nyumba anayetoa katika hazina yake vitu vipya na vya kale (Mathayo 13:52). Huwezi kutoa ambacho hukuweka. Na Mtume Paulo alipomwandikia Timotheo kuwa tayari wakati wowote, ufaao na usiofaa (2 Timotheo 4:2), alikuwa anazungumza na kijana aliyelishwa Maandiko tangu utoto.

Niseme jambo kwa vijana wetu wapiga vinanda, iwe parokiani au usharikani. Kinanda cha kisasa ni chombo kizuri. Kina midundo ndani yake, kina sauti za tarumbeta na fidla, na ukibonyeza kitufe kimoja kinakusogezea wimbo mzima juu au chini bila wewe kubadilisha vidole. Lakini umeme unapokatika katikati ya ibada, mara ngapi tumeona kijana akinyanyua mikono kama mtu aliyeporwa? Kilichokuwa ndani ya chombo kimezimika, na ndani ya kijana hakikuwekwa kitu. Usiache mazoezi ya siri. Jifunze wimbo mmoja mpaka ukae mifupani, uweze kuupiga kwenye kinanda kibovu cha shule ambacho nusu ya vitufe vyake haviitiki, au kuuimba kwa mdomo wako mtupu kando ya kitanda cha mgonjwa.

Kumtazama aliye mbele yako

Jambo la pili ni namna ya kutoa. Mtu mwenye kipaji akiombwa kupiga mbele ya rafiki hukutana na jaribu la kuchagua kile kitakachowafanya wamsifu. Felix alikuwa na uwezo wa kumwonyesha mzee kasi ya vidole vyake kwa saa nzima. Badala yake alimpangia safari, kutoka wa kale hadi wa sasa, na akasimama njiani kumweleza. Alimpigia Goethe, hakujipigia mwenyewe.

Vilevile hakumbembeleza kwa kumpa yale tu aliyoyapenda. Alipoona kwamba kuna jambo kubwa ambalo mzee amelifungia mlango, alilibisha kwa heshima. Upendo wa Kikristo una pande hizo mbili. Petro anatufundisha kwamba kila mmoja aitumie karama aliyopokea kwa kuwahudumia wenzake, akiwa wakili mwema wa neema ya Mungu (1 Petro 4:10). Wakili hagawi mali ili asifiwe, wala hamnyimi mwenye haki kwa kuogopa kumkera.

Tena hadhira yake ilikuwa mtu mmoja. Katika kizazi chetu tumeanza kuamini kwamba huduma isiyo na jukwaa, spika kubwa na umati si huduma. Lakini soma Matendo ya Mitume 8 uone Filipo akitolewa Samaria, mahali palipokuwa na makutano, akapelekwa kwenye barabara ya jangwani kwa ajili ya msafiri mmoja tu aliyekuwa ndani ya gari akisoma. Mbinguni hakuna aliyesema mkutano ule ulikuwa mdogo.

Si kila anayeomba ni rafiki

Hapa lazima tuwe waangalifu, maana somo hili likishikwa vibaya linaweza kuwa kongwa. Zaburi ya 137 inatukumbusha wapiga vinubi wengine waliokuwa ugenini. Hao hawakwenda kwa hiari. Walichukuliwa mateka mpaka Babeli. Waliowateka waliwataka waimbe, wapate burudani juu ya machozi yao. Wakavitundika vinubi vyao mitini. Biblia haiwalaumu. Kuna ombi la rafiki mwenye huzuni, na kuna agizo la mdhalilishaji anayetaka kuchezewa. Mtu wa Mungu ana haki ya kutofautisha.

Pia, Bwana mwenyewe alisema kwamba mtenda kazi anastahili ujira wake (Luka 10:7). Mwanamuziki anayelipia kodi ya nyumba kwa kazi ya vidole vyake si mchoyo akitaja bei ya harusi. Sisi tulio marafiki zake ndio tunaopaswa kuona haya tunapomwita "ndugu" kila tunapotaka kuokoa fedha, halafu mpambaji na mpishi tunawalipa taslimu. Zawadi inayolazimishwa si zawadi.

Lakini ukiyaondoa hayo mawili, yaani dhihaka na unyonyaji, utaona kwamba sababu nyingi tunazobaki nazo za kukataa ni dhaifu. Mmoja anakataa kwa kuwa hajafanya mazoezi ya kutosha wiki hii. Mwingine anasema hapa hakuna piano nzuri. Wa tatu anainama na kusema yeye si kitu, na watu wanausifu unyenyekevu wake, kumbe anaogopa kukosea mbele ya watu. Mtumwa wa talanta moja katika Mathayo 25 naye alikuwa na maelezo mazuri. Alisema aliogopa. Bwana wake hakumhukumu kwa hasara, maana hakupata hasara yoyote. Alimhukumu kwa sababu ya kufukia.

Wenye kuomba nao wana wajibu wao. Goethe alifungua piano, akavuta kiti, akanyamaza. Alisikiliza kiasi kwamba mezani bado alikuwa akiyatafuna aliyoyasikia. Siku hizi tunamwomba rafiki atupigie wimbo, naye akianza tu, nusu yetu tunaendelea na hadithi zetu na nusu nyingine tunanyanyua simu kumrekodi. Wimbo unaingia kwenye simu na hauingii moyoni kwa mtu yeyote. Ukimwomba mgeni karama yake, mpe masikio yako. Kisha mshukuru kwa kitu cha kwako, hata kama si ukurasa wa kitabu maarufu. Ndizi za shambani kwako zinatosha.

Mpiga kinanda asiye na jina

Katika 2 Wafalme 3 kuna habari isiyohubiriwa mara nyingi. Wafalme watatu wametoka kwenda vitani pamoja, wamezunguka nyikani siku saba, maji yamekwisha, jeshi na wanyama wanakaribia kufa kwa kiu. Wanamwendea nabii Elisha. Nabii amekasirika, hasa akimwona mfalme wa Israeli, na moyo uliokasirika si mahali rahisi pa kusikia sauti ya Mungu. Ndipo anapoomba aletewe mpiga kinanda. Mtu huyo anapiga, na wakati anapiga, mkono wa Bwana unamjia nabii, na watu wanaambiwa habari ya maji.

Mpiga kinanda huyo hatajwi jina. Hatujui alitoka kabila gani, alipiga wimbo gani, wala kama alikuwa amelala vizuri baada ya mwendo ule wa jua. Tunachojua ni kwamba katikati ya safari ngumu aliitwa ghafla, na alikuwepo, na mikono yake ilijua la kufanya. Jeshi zima lilikunywa maji, na huenda wengi wao hawakujua kamwe kwamba kabla ya maji kulikuwa na nyuzi.

Nao Paulo na Sila, wasafiri wawili, walijikuta ndani ya gereza la Filipi, miguu ikiwa imefungwa kwenye mkatale na migongo ikiwa na majeraha. Usiku wa manane waliomba na kumwimbia Mungu, na wafungwa wengine wakawa wanawasikiliza (Matendo 16:25). Hakuna chombo, hakuna mwanga, hakuna aliyewaalika. Luka aliona umuhimu wa kuandika kwamba wafungwa walisikiliza. Kabla ya milango kufunguka, tayari kulikuwa na watu waliopata kitu.

Wewe umebeba nini?

Huenda hujawahi kugusa piano maishani mwako. Karama hazikuumbwa za aina moja. Kuna mama ambaye akifika ugenini, mikono yake ya kusuka inamkalisha shangazi mgonjwa mkekani, na kichwa kilichokuwa kimesahauliwa kwa wiki tatu kinapata heshima yake. Kuna kijana fundi ambaye akienda likizo kwa babu, anatengeneza redio iliyokaa kimya tangu mwaka jana, na babu anasikia tena kipindi chake cha nyimbo za injili. Kuna anayejua kusimulia. Kuna anayejua kuomba kwa maneno machache yanayotuliza. Kuna muuguzi ambaye akija kama mgeni tu, anaitazama miguu iliyovimba ya jirani na kumwambia kwa upole aende zahanati kesho, asingoje mwisho wa mwezi.

Sisemi kila anayetembelea ndugu ageuze ziara kuwa kazi. Kupumzika nako ni agizo la Mungu. Nasema tu kwamba katika kila nyumba utakayoingia kuna mtu kwenye kona yenye giza kidogo. Pengine ni mzee ambaye watoto wake wanakuja, wanakula, wanapiga picha naye na kuondoka. Pengine ni mwenyeji wako mwenyewe, anayecheka sana mezani lakini ana jambo. Hatakuambia kwamba yeye ni Sauli. Atakuomba kitu kidogo, tena kwa mzaha: hebu tuimbie kidogo, hebu tusomee, hebu tupigie hicho kinanda cha watoto kilichoko chumbani.

Akikuomba hivyo, usijibu haraka kwamba hujajiandaa. Vuta kiti. Kama ni wimbo mmoja unaoujua, upige huo mmoja. Ukikosea, endelea, maana rafiki hasikilizi kama mwalimu wa mtihani. Ukimaliza, nyamaza, umpe Mungu nafasi ya kufanya yake, ambayo wewe huwezi.

Na wazazi, mnapowalipia watoto masomo ya muziki, msiwafundishe kwamba mwisho wake ni cheti ukutani au kuonyeshwa kwa wageni kama sahani za kabatini. Wapelekeni kwa bibi Jumapili mchana baada ya ibada. Waacheni wampigie nyimbo tatu, hata kama wanakosea kosea, kisha waambieni wamsikilize naye akisimulia. Watajifunza huko jambo ambalo mwalimu wa muziki hawezi kuwafundisha.

Tuombe. Ee Bwana, uliyempeleka Daudi kwa Sauli na mpiga kinanda kwa Elisha, tunakushukuru kwa kila ulichokiweka mikononi na midomoni mwetu. Utusaidie kukitunza sirini kwa bidii, na kukitoa bila majivuno wala woga pale tunapoombwa. Uwakumbuke leo wazee wanaongoja hodi ya mgeni, na wagonjwa wanaotamani kusikia wimbo. Utupeleke kwao kabla hatujachelewa. Katika jina la Yesu Kristo Bwana wetu. Amina.

Nakutakia Jumapili yenye baraka, na kwa walio njiani, safari njema.